Dukani Ifo: Posho, Simu na Daftari la Deni

Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, milango ya mabati ya maduka ya Ifo hufunguliwa kwa kishindo, na mtu alalaye karibu hana haja ya saa ya kumwamsha. Vijana hufagia mchanga mbele ya kizingiti, hunyunyiza maji kidogo ili vumbi litulie, kisha hutoa nje magunia ya mchele yaliyokunjwa midomo, madumu ya mafuta, makarai na viatu vya mpira. Ndani ya duka ni rafu za mbao kutoka chini hadi juu: maziwa ya unga, majani ya chai, pasta, tende, unga wa ngano, sabuni, biskuti, nyanya za kopo. Penye umeme wa jenereta ya mtu binafsi, au wa jua, pana na friji ya soda na maji baridi. Chumba chote pengine hakizidi hatua sita kwa upana, walakini mama wa nyumba aweza kupata humo karibu kila kitu cha jikoni, isipokuwa nyama na maziwa ya ngamia, ambavyo vina mahali pake.

Wasomaji ambao hawajafika Garissa yafaa wakumbushwe Ifo ni nini. Ni kambi ya wakimbizi iliyo karibu na mji mdogo wa Dadaab, mwendo wa kama kilomita 100 kutoka Garissa mjini. Ilifunguliwa mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka huko Somalia na watu wakakimbilia Kenya kwa miguu na kwa magari. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilipimwa ziwatoshe watu 90,000. Mwaka 2011, njaa ilipoingia Somalia kusini, hesabu ya watu wa Dadaab ilifika zaidi ya 400,000. Mahali penye watu wengi kiasi hicho hapawezi kukaa bila soko, hata kama waliopanga kambi hawakulitia sokoni hilo katika ramani zao kwa ukubwa lilioufikia.

Soko la Ifo laitwa Bosnia. Jina hilo la vita vya Ulaya lilidumu, ijapokuwa wengi wa vijana walitajao leo hawakuwa wamezaliwa vita hivyo vilipokwisha mwaka 1995. Wanunuzi wake si Wasomali peke yao; wamo pia Waethiopia, Wasudani Kusini na watu wa Maziwa Makuu, na wenyeji wa Dadaab ambao huja kununua na kuuza kama wengine. Kiswahili chasikika zaidi kwa vijana, maana shule za kambi zafundisha mafunzo ya Kenya. Lakini hata asiyejua Kisomali hapotei sana, kwa kuwa maneno ya biashara ni ndugu: duka letu kwao ni dukaan, na deni letu kwao ni deyn, na yote mawili yalipanda chombo kimoja yakaja kwetu. Pasta yaitwa baasto, neno lililoachwa na Waitaliani pamoja na chakula chenyewe.

Vitu hivyo hutoka wapi? Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ile ya Nairobi na Garissa, ipitayo daraja la Tana. Kwa njia hiyo huja unga wa mahindi, majani ya chai, sabuni na viazi. Na kutoka mashamba ya kando ya mto, Garissa yenyewe, huja ndizi, maembe, matikiti na nyanya. Njia ya pili ni ya mashariki, kutoka bandari ya Kismayu kupita Dhobley na Liboi, na huko ndiko yalikotoka kwa miaka mingi mchele, pasta, maziwa ya unga na sukari isiyolipiwa ushuru. Mpaka ulifungwa rasmi mwaka 2011, lakini sukari haisomi matangazo. Serikali ya Kenya imefanya misako mara nyingi, maghala yamefungwa na magari yamekamatwa, na kila mara msako ukipita bei hupanda kwa wiki chache kisha hurudi. Mnunuzi wa Ifo hauulizi mfuko wa sukari ulitoka nchi gani. Yeye huuliza kilo kiasi gani.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa kwa ajili ya serikali za Denmark, Norway na Kenya, ulikuta kwamba bei za vitu vya lazima huko Dadaab zilikuwa chini, kwa kama sehemu 20 katika 100, kuliko bei za miji mingine ya ukame ya jimbo hilo. Ulikadiria kwamba biashara za wakimbizi katika kambi hizo zilikuwa na mauzo ya kama dola milioni 25 kwa mwaka. Habari hizo huwashangaza wale wanaodhani kwamba mkimbizi ni mtu wa kukaa mstarini na sahani. Mfugaji wa karibu aliyekuwa akipeleka mbuzi wake safari ndefu hadi Garissa amepata soko mlangoni pake, na bibi wa maziwa ya ngamia, mwenye vyombo vyake vilivyofukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi, hapakosi pa kuuza.

Walakini urahisi huo ni wa siku njema. Mvua kubwa za Novemba 2023 ziliikata barabara ya Garissa na Nairobi ng'ambo ya Tana, upande wa Madogo, na watu wakavushwa kwa mashua. Mafuriko yakarudi Aprili na Mei 2024, na barabara ikakatika tena. Lori la viazi haliwezi kuogelea. Mahali kama Ifo, ambapo kila kitunguu kimesafiri, mwenye nyumba hujua hali ya mto Tana kwa kutazama bei ya kitunguu, wala hana haja ya kungoja habari za redio.

Yafaa sasa kueleza jinsi mtu anunuavyo, kwa kuwa hapo ndipo penye jambo.

Hapo mwanzo chakula cha kambi kilikuwa posho tu: unga au nafaka, dengu, mafuta, chumvi, kila mtu kwa kipimo, mara mbili kwa mwezi, kwa karatasi ya posho iliyotobolewa. Chakula hicho kiliokoa maisha ya watu wengi, na si haki kukidharau. Lakini hakuna watu duniani waishio kwa nafaka na dengu miaka thelathini. Msomali asiyekunywa chai yenye sukari na maziwa hahesabu kwamba asubuhi imefika. Na posho haikuwa na sukari, wala maziwa, wala kitunguu, wala nyama. Basi mama wa nyumba alifanya nini? Alichukua sehemu ya nafaka yake, mara nyingi mtama ambao watoto hawakuupenda, akaiuza sokoni kwa bei ya chini, maana siku ya posho kila mtu alikuwa akiuza. Kwa fedha hizo akanunua sukari kwa bei ya juu. Alipoteza mara mbili, naye alijua, lakini hakuwa na njia nyingine. Mwaka 2013 alama za vidole zilianza kutumika kwenye ugawaji, ili asije mtu akachukua posho kwa karatasi ya mwingine aliyeondoka, na udanganyifu huo ukapungua. Biashara ya kuuza posho haikupungua kwa sababu hiyo, kwa kuwa haikuwa udanganyifu. Ilikuwa ni haja ya chai.

Ndipo Shirika la Chakula Duniani likaleta mpango ulioitwa Bamba Chakula. Neno lenyewe ni la vijana wa Nairobi, kubamba, yaani kupata. Ulianza Kakuma mwaka 2015 na kufika Dadaab mapema mwaka 2016. Kila nyumba ilipewa laini ya simu, na kila mwezi ujumbe huingia ukisema kiasi kilichotiwa humo, mahali pa sehemu ya nafaka iliyokuwa ikigawanywa. Fedha hizo hazikuweza kutolewa taslimu kama fedha za kawaida za simu. Ziliweza kulipia chakula tu, tena kwa wenye maduka waliochaguliwa na kuandikishwa, wakimbizi na wenyeji pia.

Fikiria basi mama mmoja wa Ifo siku ujumbe huo unapoingia. Hufunga mtandio, hushika mkono wa mtoto wake mdogo, naye binti mkubwa huichukua simu kwa kuwa ndiye ajuaye kusoma. Wanapofika dukani husalimu.

"Assalamu alaykum, adeer."

"Wa alaykum salaam, eeddo. Karibuni ndani, juani si pazuri."

Mwenye duka hakuulizwa bei bado, naye amekwisha kuuliza habari za nyumbani, za mgonjwa, za yule ndugu aliye Garissa. Kisha mchele hupimwa, na mafuta, na pasta, na sukari. Mama hutia mkono ndani ya gunia, huuleta mchele puani, huutafuna mbegu mbili tatu. Hupendelea mchele mrefu usioshikana. Binti huandika nambari ya duka katika simu, kisha nambari ya siri, na ujumbe hurudi pande zote mbili kwamba malipo yamepita. Kama mzigo ni mkubwa huitwa kijana wa mkokoteni wa punda. Kama ni mdogo hutiwa katika mfuko wa kitambaa au gunia dogo. Mifuko ile ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017, na Ifo, mahali ambapo kila mti wa miiba ulikuwa umevaa plastiki kama nguo za sikukuu, badiliko hilo lilionekana kwa macho.

Jambo moja katika ununuzi huu halikutazamiwa na wengi. Mama aliyekuwa akipewa mtama sasa aliweza kuchagua. Kuchagua kati ya mchele wa aina mbili ni jambo dogo kwa mtu wa Mombasa ambaye hufanya hivyo kila siku bila kufikiri. Kwa mtu aliyepewa kipimo kile kile kwa miaka 20 si dogo hata kidogo.

Lakini mwezi una siku 30, na fedha za simu hazifiki siku ya 30. Kwa nyumba nyingi hazifiki hata ya 20. Hapo ndipo litokeapo daftari.

Daftari la Ifo ni kitabu cha shule, chenye jalada la rangi na jedwali la kuzidisha nyuma. Humo mwenye duka huandika jina la mteja, pengine na alama ya mtaa wake, maana Ifo imegawanywa kwa herufi na nambari. Kisha huandika sukari, unga, mafuta, maziwa, tarehe, na jumla. Hakuna karatasi ya benki, hakuna shahidi, hakuna riba iliyoandikwa, kwa kuwa riba ni haramu. Bei ya kukopa ndiyo pengine hupanda kidogo kuliko bei ya taslimu, na watu hawasemi sana juu ya jambo hilo. Deni hili si aibu. Ni heshima, maana mtu asiyejulikana hakopeshwi. Mgeni aliyefika jana kutoka Dinsoor, asiye na ndugu wa kumsemea, hutazama rafu na kuondoka, na hapo ndipo anapojifunza kwamba katika kambi mtu maskini si yule mwenye deni bali ni yule asiyeweza kulipata.

Hata hivyo deni lina uso wa pili. Mwenye duka ataka dhamana, naye mteja hana shamba wala hati ya nyumba. Ana kitu kimoja: zamani karatasi ya posho, siku hizi laini ya simu. Basi katika kambi za Kenya imezoeleka kwa wengine kuiacha laini dukani, pamoja na nambari ya siri, mpaka mwisho wa mwezi. Fedha zikiingia, mwenye duka hujilipa kwanza kisha humwambia mteja kilichobaki. Shirika limekataza desturi hiyo, na ni rahisi kuona kwa nini. Mtu ambaye laini yake iko katika kasha la mwingine hawezi kwenda duka la pili kuuliza bei. Hawezi kugombana juu ya mizani. Akiona tarehe iliyo chini ya kopo la maziwa imekwisha kupita, hunyamaza. Watafiti wa Oxford walioandika mwaka 2020 juu ya Kalobeyei, makao ya wakimbizi katika Turkana, walikuta jambo hilo hilo: nyumba nyingi mno zilikuwa na deni kwa mwenye duka wa chakula, na deni hilo liliwafungia mlango wa kuchagua, ambao ndio hasa mpango wa fedha ulikusudia kuufungua.

Wako watu wa ofisini wanaomwona mwenye duka kuwa mnyonyaji na basi. Hiyo ni hukumu ya haraka. Naye ana daftari lake mahali pengine, kwa mwenye ghala wa Garissa au wa Eastleigh, Nairobi, aliyempelekea magunia kwa neno la simu tu. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila hati ya safari, kwa hiyo mwenye duka wa Ifo hakuweza hata kwenda mwenyewe Garissa kutafuta bei nafuu. Alipokea alicholetewa, kwa bei aliyotajiwa. Benki haikumkopesha. Mtaji wake mara nyingi ulitoka kwa ndugu aliye Minneapolis au Nairobi, au kwa ayuuto, ule mchango ambao wanawake huweka pamoja kila juma au kila mwezi na kumpa mmoja wao zamu yake. Maduka mengi ya Bosnia yalianza kwa zamu moja ya ayuuto na meza ya vitunguu. Kwa hiyo mama wa mtaani hudaiwa na duka, duka hudaiwa na ghala, na ghala hudaiwa na mwenye lori. Na mnyororo huo wote wafungwa kwenye ujumbe mmoja wa simu unaoingia kila mwezi.

Mwaka 2025 ujumbe huo haukuingia.

Fedha za wafadhili, hasa zile za Marekani, zilipunguzwa sana mwaka huo. Posho katika Kakuma na Dadaab, ambayo ilikuwa imekwisha kukatwa mara nyingi, mwaka 2014, mwaka 2016, na tena baadaye, ilishuka hata ikawa chini ya theluthi ya kipimo kinachohesabiwa kumtosha mtu. Katikati ya mwaka, malipo ya Bamba Chakula yalisimamishwa. Kuanzia Agosti shirika lilianza kuzigawa nyumba kwa makundi kwa kadiri ya shida yao, waliozidiwa wapewe zaidi na wanaodhaniwa kujiweza wapewe kidogo au wasipewe.

Mpango wa makundi, kwa karatasi, una akili ndani yake: kama chakula hakitoshi wote, aanze mwenye njaa zaidi. Ugumu ni kwamba katika Ifo mtu anayejiweza na mtu asiyejiweza hula kutoka daftari moja. Mwalimu wa shule mwenye posho ndogo ya kazi, au mama mwenye meza ya sambusa, huhesabiwa kuwa na kipato, na kweli anacho. Lakini wateja wake wa sambusa ni wale waliokuwa wakitegemea ujumbe. Mwenye duka naye alikuwa na uchaguzi wa aina mbili. Kuendelea kukopesha, akijua kwamba hakuna siku iliyotajwa ya kulipwa, na mwenye ghala apiga simu kila asubuhi; au kukataa, na anayekataliwa ni jirani wa miaka 15 ambaye watoto wake wamesoma darasa moja na wa kwake. Wapo waliofanya kila moja ya mambo hayo mawili, na wengi walifanya yote mawili, leo hivi na kesho vile, kwa kadiri mtoto aliyetumwa alivyolia.

Katika mwaka huo huo, tarehe 28 Machi, serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, ambao wataka kambi za Dadaab na Kakuma zigeuzwe kuwa makao ya kudumu, yenye utawala wa miji, wakimbizi na wenyeji wakihudumiwa pamoja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilikwisha kufungua njia hiyo. Kwa mwenye duka wa Bosnia maneno hayo makubwa yana maana ndogo iliyo wazi: je, ataweza kupanda basi kwenda Garissa kununua mwenyewe, na kufungua hesabu ya benki kwa jina lake? Kama ataweza, bei ya sukari itabadilika kabla ya mambo mengine yote. Serikali hiyo hiyo ilitangaza mwaka 2016 kwamba kambi zitafungwa, na Mahakama Kuu ikalizuia jambo hilo Februari 2017. Kwa hiyo watu wa Ifo husikiliza matangazo kwa adabu, kisha hurudi kupima mchele.

Mchele wenyewe siku hizi hupimwa kidogo kidogo. Zamani, juma la malipo, mama alichukua kilo kumi kwa mara moja na dumu la mafuta. Sasa aliyezoea kilo huomba nusu, na aliyezoea nusu huomba kikombe. Mafuta hutiwa katika chupa ndogo iliyooshwa, sukari hufungwa katika kipande cha gazeti, ya Sh. 20 au hata ya Sh. 10. Kazi ya mwenye duka imezidi na faida imepungua, maana kugawa gunia moja mara mia tano si sawa na kuliuza zima. Mizani ya kisahani, ambayo ni nzuri kwa kilo, hupepesuka kwa kikombe, na mteja mwerevu husimama upande ambao aweza kuiona sindano.

Jioni, baada ya sala ya magharibi, wateja wa mwisho ni watoto. Hutumwa peke yao, kwa kuwa ni vigumu kumwambia mtoto hapana, na mama zao wajua hivyo. Msichana wa miaka kama minane huja na kopo tupu la maziwa, hulisukuma juu ya meza ambayo yamfika kidevuni, na kusema maneno aliyofundishwa njiani.

"Adeer, hooyo amesema sukari ya chai tu, na uandike."

Mwenye duka hulitazama daftari. Ukurasa wa nyumba hiyo umejaa mpaka pembeni, na jumla ya chini imefutwa na kuandikwa upya mara tatu. Hufungua ukurasa mwingine, huandika jina lile lile juu, huchovya kikombe katika gunia.